Mwenzangu wa Mguu Mmoja

Mume wangu alipofariki, wanangu walikuwa wameshahamia mijini, nikabaki peke yangu kwenye nyumba yetu jirani na Tongoni. Siku tatu ziliweza kupita bila mtu kunisemesha zaidi ya salamu.

Presha ilipopanda, muuguzi wa zahanati alinishauri nijiunge na mazoezi ya wazee, kila Jumanne asubuhi, kwenye kiwanja nyuma ya zahanati. Niliona haya. Nilikwenda kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Tulikuwa kumi na wawili, wanawake watupu isipokuwa mzee mmoja aliyekata mkonge ujana wake wote. Muuguzi alitupanga wawili wawili, tushikane mikono, tusimame kwa mguu mmoja. Mimi nilipewa bibi mmoja wa Kidigo, mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu, kina sugu za kusuka mikeka. Machozi yakanitoka. Tangu siku ya maziko hakuna aliyekuwa amenishika mkono muda mrefu vile.

Alidhani goti linaniuma. Akasema taratibu, "Niegemee, mwanangu. Sikuachii."

Sikumwambia kuwa si goti.

Ikawa kila Jumanne tunarudi pamoja hadi njia panda. Aliniambia amezika waume wawili, na kwamba redio huiacha ikisema mchana kutwa, hata asipoisikiliza. Nami nikamweleza kuwa bado napika ugali wa watu wawili. Hakunicheka.

Masika yalipoanza, Jumanne moja hakuja. Nilikwenda kwake nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli, kanga yake ingali kwenye kamba, imelowa mvua. Jirani akanieleza kwamba mtoto wa yule bibi alikuja Jumapili akamchukua kwenda Dar es Salaam kutibiwa macho, na kwamba atakaa huko huko. Nilimwomba namba yao ya simu. Hakuwa nayo.

Jumanne iliyofuata tulikuwa kumi na mmoja. Muuguzi akawa mwenzangu, lakini kabla hatujamaliza akaitwa kwa mgonjwa. Nikasogea ukutani, nikaushika, nikainua mguu. Wenzangu walikuwa wakihesabiana kwa sauti na kutaniana. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi, kisha nikabadili mguu.