Gunvor wa Nanga

Kwa miaka kumi na tisa Gunvor Hallqvist amewapandisha watu kilima chetu cha kuteleza thelujini hapa Stockholm, kifupi kiasi kwamba ukiwa kileleni unasoma namba za mabasi kituoni. Kazi yake ni kudaka nanga, vyuma vyenye umbo hilo vinavyoning'inia kwenye waya na kuvuta watu wawili wawili hadi juu, na kuwawekea chini ya makalio. Waswidi wako radhi kupanda na hewa pembeni kuliko na mtu wasiyemjua, lakini foleni ikirefuka Gunvor hana simile.

"Nani yuko peke yake? Wewe mrefu, njoo kwa mrefu mwenzio. Haumi huyo!"

Mimi nauza soseji kwenye kibanda cha pembeni, na umbea ninao. Mbona sijamwona Gunvor akishuka kilima hata mara moja? Mara mgongo, mara skii, zile mbao za kutelezea, ziko kwa dada yake huko Skåne, kusini. Na Skåne ilivyo tambarare, skii za nini huko?

Majira yangu ya kwanza nilijifunza kuteleza na watoto wa miaka mitano. Sikuona haya, maana hakuna aliyetegemea mtu wa Tanga ajue. Kila nikimaliza, Gunvor alinihoji kama askari.

"Ukikata kushoto, uzito unauweka wapi?"

"Mguu wa kulia, ule wa nje."

"Na macho?"

"Mbele. We vipi, unanipa mtihani?"

"Jibu tu, mwenzangu."

Siku ya kufunga msimu wafanyakazi wote hushuka pamoja. Mwaka huu Sixten, mwenyekiti wa klabu yenye kilima, alimkabidhi Gunvor skii mpya mbele ya umati.

"Leo huna pa kujificha!" akasema, na watu wakapiga makofi.

Gunvor aliiva uso. "Panda na mimi," akaninong'oneza.

Wakati wa kupanda hakutikisika, nanga anaijua kuliko mkono wake. Kileleni akanishika kwa nguvu.

"Sijawahi kuvaa hizi maishani. Kwetu Skåne hakuna hata tuta. Nilipoomba kazi hakuna aliyeniuliza, wakachukulia najua. Mwaka ukapita, ningesemaje tena?"

Yale maswali yote! Hakuwa akinipima, alikuwa akijifunza kwangu.

"Basi nifuate," nikamwambia. "Mbona unajua kila kitu."

"Kichwani, dada. Miguu haijaambiwa."

Kona ya kwanza akakata. Ya pili akakata, nikapiga kelele kwa furaha. Ya tatu akaanguka kifudifudi, watu wote wakimtazama.

Sixten, kwa wema wake, akapaza sauti: "Skii mpya hizo hazijakaa sawa, eti?"

Nilimwomba Mungu Gunvor akikubali kisingizio hicho. Gunvor akainuka, theluji hadi masikioni.

"Skii ni nzima kabisa! Mimi ndiye nisiyejua. Sijawahi kujua!"

Hakuna aliyecheka. Akajikokota hadi chini, akaingia mwisho wa foleni kama mteja yeyote. Sixten, aliyekuwa ameshika zamu ya nanga, akauliza swali ambalo Gunvor ameliuliza miaka yote.

"Nani yuko peke yake?"

Gunvor akanyoosha mkono. Nikakimbilia kunyoosha wangu niende naye, lakini nilichelewa. Wale wale wapenda kupanda na hewa, kama kumi hivi, walikuwa wameshanyoosha mikono yao.