Wifi Yangu na Maiki ya Jumamosi

Mimi si mtu wa kucheka. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata siku ya harusi yetu nilikaa kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Kwa hivyo mkisikia kwamba huwa naenda kuchekesha watu Voi kila Jumamosi alasiri, jueni hata mimi sielewi ilikuwaje. Nitaeleza vile ilivyotokea, na mwenye kuelewa aelewe.

Ilianza na mjukuu wangu. Huyu msichana husuka watu nywele hapa Voi, na tunakaa naye nyumba moja tangu magoti yangu yalipokataa milima na mimi nikashuka kutoka juu. Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa, alikuwa anapotea. Nikimwuliza aendako ananiambia, "Komedi, nyanya." Nikadhani ni kanisa jipya, maana siku hizi yanazaliwa kama sungura. Siku moja nikavaa sweta, nikamfuata.

Si kanisa. Ni uwanja nyuma ya hoteli moja ya chai, umeezekwa mabati, viti vya plastiki vimepangwa, na mbele kuna jukwaa la mbao lisilozidi kitanda kwa ukubwa. Vijana wanapanda mmoja mmoja, kila mtu dakika tano, wanasema maneno kwenye maiki. Anayepanga zamu ni mwalimu wa shule ya msingi. Siku za kazi anafundisha hesabu, Jumamosi anawaita watu wacheke. Mjukuu wangu naye alipanda siku hiyo. Akasema jambo fulani kuhusu wateja wa nywele, watu wakatabasamu kwa adabu, akashuka.

Kisha akaja kijana mmoja mwenye suruali iliyochanika magotini. Akaanza kutusema sisi akina mama wa milimani, ati tukishuka Voi tunavaa sweta kwenye jua hili, tunapikika kama viazi. Na mimi pale nina sweta. Watu wakageuka kuniangalia.

Nikasimama. Sikuhitaji maiki.

"Kijana," nikamwambia, "sweta hii nimeivaa kwa sababu jioni narudi nayo nyumbani ikiwa nzima. Wewe hiyo suruali, nusu yake umeiacha wapi?"

Lo! Watu walipiga kelele mpaka mwenye hoteli akatoka jikoni na mwiko mkononi. Yule kijana mwenyewe alicheka hadi akakaa chini. Mimi nikabaki nimesimama. Nilikuwa nimekasirika kweli, na nilikuwa nimemwuliza swali kweli. Sikupata jibu mpaka leo.

Mwalimu akanijia. "Nyanya, Jumamosi ijayo utakuja?"

"Kufanya nini?"

"Hivyo hivyo tu."

Nilirudi. Msiniulize sana kwa nini. Nina miaka mingi ya kusema watu wasinisikie. Nyumbani nikisema funga bomba, bomba linaendelea kumwagika. Pale, watu sitini wananyamaza nikikohoa. Hilo jambo lilinichanganya kichwa, na nikataka kulijua vizuri.

Basi nikaanza kujifunza kazi. Niliposikia mwalimu atatupeleka Maungu kuchekesha, mahali madereva wa malori husimama kula, nikatunga kichekesho changu mwenyewe. Nilikitunga wiki nzima nikichambua mchicha. Kilikuwa juu ya kuku na shemasi. Nikakisema nikitabasamu, kama nilivyoona wengine wakifanya. Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja aliuliza kama kuku alipatikana. Nikashuka.

"Nyanya, usichekeshe," mwalimu akaniambia. "Wewe kasirika tu."

"Hasira si chai," nikamwambia, "ati niipashe moto saa tisa mnapotaka."

Na yeye akacheka. Ona sasa.

Jumamosi iliyofuata tukawa Voi tena. Nilipopanda, nusu ya vijana walikuwa wameinamia simu zao. Hapo hasira ikaja yenyewe. Nikasema, "Mmeinamisha vichwa hivyo kama wifi yangu siku ya ndovu!"

Vichwa vikainuka. Ikabidi nieleze.

Wifi yangu ni dada wa mume wangu, na ndiye aliyenipokea kwao nikiwa bibi harusi. Anakaa juu milimani bado, magoti yake ni ya mbuzi. Kila Alhamisi alinitumia kapu kwa gari la asubuhi: kabichi, nduma, ndizi za kupika, kila kitu kimefungwa kwa majani. Sisi tumelea watoto pamoja na kuzika pamoja. Zamani tulikuwa na shamba kule Miasenyi, na mwaka mmoja mahindi yaliponawiri wifi alishuka kunisaidia kulinda. Asubuhi moja, chai haijachemka, ndovu akaingia. Wifi hakukimbia. Alisimama katikati ya shamba, akafumba macho, akainamisha kichwa, akaanza kumwomba Mungu amwondoe yule mnyama. Aliomba kwa kirefu. Aliombea shamba, akaombea kijiji, akaombea serikali na wagonjwa walio hospitalini. Aliposema amina na kufumbua macho, ndovu alikuwa ameondoka. Na mahindi pia yalikuwa yameondoka. Wifi akanigeukia uso unang'aa, akasema, "Umeona? Maombi yamejibiwa."

Niliwaambia wale vijana hayo ili wajifunze kuomba macho yakiwa wazi, na kuweka simu chini. Ni mafundisho. Walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Mjukuu wangu alikuwa amenipiga picha ya video, na jioni akaiweka kwenye simu za watu wote.

Alhamisi kapu halikuja.

Nikasema labda gari limeharibika. Alhamisi ya pili, nikaenda mwenyewe stendi. Dereva akasema, "Mama wa juu hajatuma kitu. Na ukitajwa wewe ananuna." Nikapiga simu, ikalia mpaka ikachoka.

Ndipo nikaelewa. Ile habari ya ndovu kwangu ni habari ya mahindi. Kwa wifi ni ushuhuda wake. Ameutoa kanisani tangu mwaka ule, kila sherehe, na watu husema amina. Mimi nilikuwa nimeuchukua ushuhuda wa mtu nikaupeleka hotelini.

Nikapanda milima, magoti yakilia. Nilimkuta jikoni anachambua maharagwe. Hakuinuka.

"Wifi," nikamwambia.

"Nani huyo? Yule wa televisheni?"

"Wifi, sikukucheka. Waliocheka ni wao."

"Jumapili nilisimama kuomba," akasema, macho kwenye maharagwe. "Watoto wa kwaya wakafumbua macho wote, ati wanaangalia kama mahindi bado yapo. Mimi! Mbele ya mchungaji!"

Nikasema nimekosa. Nikasema mara tatu. Akaendelea kutupa maharagwe mabovu pembeni, moja, moja. Kisha nikamwambia tufanye kama wazee wetu walivyofanya. Kwetu, mtu akiwa na kinyongo na ndugu yake hakiachwi kikae kifuani, maana kikikaa kinazaa ugonjwa na mabaya. Mnakaa pamoja, kila mmoja anasema lote linalomuuma, halafu aliyekosewa anachukua maji kinywani, anayapuliza nje, na hasira inatoka nayo. Huko ndiko tunakokuita kutasa. Sisi wa kanisa tumeacha mambo hayo, au tuseme tunasema tumeacha.

Wifi akasimama. Nikadhani anafuata maji.

"Ulinisema mbele ya watu," akasema. "Nitayatoa mbele ya watu. Wale wale."

"Wifi, pale ni mahali pa kucheka."

"Wewe ndiwe uliyepachagua."

Nikarudi Voi, na usiku ule sikupata usingizi. Nilijua kwamba asipoyapuliza, nitakufa yeye akiwa na neno nami, na hatakuja kunizika. Na akiyapuliza pale mbele ya wale watoto, nani ajuaye kama yatahesabika? Nikamwuliza mjukuu wangu. Akasema, "Aki nyanya, hiyo itakuwa moto!" Nikamwambia anyamaze.

Jumamosi wifi alishuka. Amevaa gauni la chama cha akina mama, kilemba cheupe, na sweta. Alikaa mstari wa mbele, mkoba magotini, akamsikiliza kila kijana bila kusogeza hata jicho. Yule wa suruali iliyochanika alipofika kwenye sweta, alimwona, akaruka maneno hayo.

Zamu yangu ikafika. Nikasema, "Wifi yangu yuko hapa." Wakacheka. Nikasema, "Nilimkosea." Wakacheka zaidi. Nikasema, "Nyamazeni, hili si la kucheka," na mabati yakatikisika. Wifi akapanda mwenyewe, akaninyang'anya maiki.

"Mimi ndiye niliyefumba macho," akasema.

Watu wakasimama wakipiga makofi. Yeye akangoja wakae, kama anavyongoja kanisani.

"Nawauliza. Ndovu aliondoka, au hakuondoka?"

"Aliondokaaa!"

"Basi ni nani alimwondoa?"

Wakaangaliana. Halafu akanigeukia.

"Na huyu anayejua habari yote, mwulizeni alikuwa wapi wakati naomba."

Nilitamani mbao zile zifunguke.

"Alikuwa chooni! Amefunga mlango kwa kamba kutoka ndani! Nilimaliza kuomba, nikamwita mara saba. Anauliza, 'Ni wewe au ni ndovu?'"

Ni kweli. Tangu mwaka ule sikuwa nimemwambia mtu. Yote niliyosema kuhusu maombi yake marefu niliyachungulia kwenye tundu la mlango. Nikasema kwenye maiki, "Ni kweli, nilikuwa chooni." Nilimwona mwenye hoteli akifuta machozi kwa aproni.

Wifi hakucheka. Mimi pia sikucheka. Alitoa chupa ya maji kwenye mkoba, maji ya chemchemi ya kwetu, akajaza kinywa. Nikainama mbele yake. Akapuliza. Akasema, "Nimeyatoa. Yaende na upepo, wewe uwe na amani na nyumba yako iwe na amani." Akajaza tena, akapuliza tena. Maji yaliingia kwenye maiki, ikapiga yowe, mwalimu akaja mbio na leso. Vijana walikuwa juu ya viti. Mmoja anapaza sauti, "Rudia shosho, rudia!" Na sisi wawili katikati ya kelele hizo tunaangaliana, uso wangu unadondosha maji, na sijui kama ni kitu kitakatifu kimefanyika au ni mchezo.

Tulipotoka nikamwuliza, "Wifi, hasira imetoka?"

Akafikiri. "Sijui. Zile kelele zimenichanganya. Zamani watu walikuwa kimya."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo sijui."

Akapanda gari, akaenda. Mimi nikarudi nyumbani nikaanza kungoja Alhamisi. Nilikuwa stendi mapema kuliko wauza mayai. Gari likaja. Kapu halikuwemo. Nilirudi nikakaa barazani mikono mitupu, mjukuu akaniletea chai nikaiacha ipoe. Nikasema basi, hayakuhesabika. Nimempoteza ndugu yangu kwa dakika tano za mwalimu.

Jumamosi sikutaka kwenda. Mjukuu alinivuta. Tulipofika uwanjani, mstari wa mbele, kiti kile kile, wifi amekaa. Kapu liko miguuni pake: kabichi mbili, nduma, ndizi, zimefungwa kwa majani.

"Alhamisi nilikuwa na maharagwe," akasema, kabla sijauliza. "Nikaona nije nalo mwenyewe."

"Kwa hivyo imetoka?"

"Imebaki kidogo. Nimekumbuka neno lingine ulilonikosea, ule mwaka wa nzige. Halijatolewa." Akageukia jukwaa. "Mwalimu! Leo mnatupa dakika ngapi?"

Nikamwangalia usoni nione kama ni hasira au ni kitu kingine. Ule uso naujua tangu nikiwa bibi harusi, na sikuweza kuusoma. Nikachukua kapu, nikaliweka chini ya kiti changu, upande wa mbali na vijana, na nikangoja zamu yetu.