Mpagani Aliyetulindia Nyumba

Jirani yangu wa Madale, mchonga vinyago pale Mwenge, ametutoka wiki iliyopita. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka: ndiye aliyekuwa akitupokea Jumapili tukitoka kanisani, ameegemea mlango wake, "Mmerudi salama? Mie mpagani nimewalindia nyumba." Nilimwambia mara moja kwamba neno hilo halipendezi. Alicheka mpaka akakohoa. "Mshenzi ni tusi, mwandishi. Kafiri ni hukumu. Mpagani ni mie tu, na unga wangu." Kila alipoanza kinyago kikubwa alinyunyiza unga kizingitini, akamtaja bibi yake aliyemlea. Mama wa kwaya, nyumba ya pili, alimgombeza kila mara akiwa uani kwake.

Akiwa na kuku alivuka barabara hadi kwa mzee wa Kiarabu mwenye duka. "Shikamoo mzee. Nichinjie, mkono wangu utawanyima watu kitoweo." Tukala wote, Waislamu kwa Wakristo, na mpagani ndiye aliyepakua. Sisi wenye dini zetu maneno haya tunayatumia hovyo. Mshenzi siku hizi ni dereva yeyote aliyekurushia tope. Kafiri humtoka mtu akishakasirika. Mpagani tunalinong'ona, utadhani ni ugonjwa. Hakuna hata moja linaloeleza mtu anaishije na jirani zake.

Basi akafa, ndugu zake wako mbali kusini, na ikazuka ishu: nani atamwombea? Katekista alisema hana ibada ya asiyebatizwa. Shehe naye akaomba radhi. Jeneza likashushwa, na mimi niliumia sana kuona mtu mchangamfu vile anafukiwa bila neno. Ndipo mzee wa duka akatoa mfukoni mwa kanzu kifuko cha unga.

"Mie siwezi kumswalia, lakini unga ninao. Nani anajua alivyokuwa akisema?"

Mama wa kwaya akaupokea. "Alikuwaga anaanza na bibi yake," alisema, akamtaja yule bibi kwa jina, akamwambia, "Mjukuu wako huyo anakuja, mpokee." Akanyunyiza, machozi yakimtoka. Miaka yote ile ya kugombeza, kumbe alikuwa akisikiliza.

Nyuma yangu mgeni mmoja akauliza marehemu alikuwa wa dini gani. "Wa kwetu huyo," mzee akamjibu, akachukua koleo.

Nami nawaomba, wasomaji: kabla hamjamwita mtu mpagani, jiulizeni kwanza kama mnalijua jina la bibi yake.