Wahafidhina wa Jumamosi

Enzi zetu pale Lawrence Heights, Jumamosi ilianza na harufu ya perege wa kukaanga na kuishia na wanaume wawili wakigombania nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kulala huko. Nchi yenyewe ni Marekani. Sisi tulikuwa Toronto, upande wa pili wa ziwa, lakini kwa baba yangu na Baba Neema siasa za Kanada zilikuwa kama uji usio na sukari. Wakiwasha televisheni, walitafuta Wamarekani.

Mliokulia yale majumba ya serikali mnakumbuka. Makoti ya msaada wa kanisa yalitufika magotini. Soksi tulizianika juu ya hita, na nyumba nzima ikanuka soksi na mchicha. Shuleni nilikuwa siwezi kuinua mkono hata kuomba kwenda chooni. Aliyeniombea ni Tumaini, mdogo wake Neema, tuliyekaa naye dawati moja. Alinisoma usoni tu, akainua mkono wake. Bila Tumaini nilikuwa bubu mwenye koti kubwa.

Baba na Baba Neema wote walitoka Morogoro, ila walijuana Toronto, kwenye kiwanda cha mikate. Na wote wawili walijiita wahafidhina. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Walipenda chama kilekile, walishangilia watu walewale wenye tai nyekundu, lakini kila mmoja alidai mwenzake hajaelewa msingi wa jambo.

"Msingi ni familia," Baba alisema. "Mungu, ndoa, wazazi. Hayo ya kodi ni mapambo."

"Mapambo? Kaka, umelala! Msingi ni mtu kuachiwa maisha yake. Serikali ikae mbali, kila mtu na mlango wake."

"Hata akimfungulia shetani?"

"Ni mlango wake, bwana! Kwani shetani anakuja na barua ya serikali?"

Walicheka mpaka Mama akagonga sufuria kwa mwiko. Sheria ya Mama ilikuwa moja: ugali ukitua, televisheni inazimwa. Nilileta jagi na beseni nikawanawisha, kisha wakala sinia moja, goti kwa goti. Baba Neema alimsogezea Baba kichwa cha samaki bila kuulizwa, maana alijua anakipenda. Kwa muda huo Marekani haikuwepo.

Sisi watoto tulitengeneza mchezo kutokana na ubishi wao. Nyuma ya majumba kulikuwa na milingoti ya zamani ya kuanikia nguo, tukaipa majina: Familia, Uhuru, Kodi, Jeshi. Mmoja alipiga kelele, "Msingi ni...!" akataja jina, na wote tukakimbilia mlingoti huo. Aliyechelewa alikuwa serikali. Mimi nilipenda kuwa serikali, kwa sababu serikali ilikuwa haisemi, inakimbiza tu. Tumaini aliukumbatia Uhuru kwa mikono yote miwili mpaka koti likashika kutu.

Vijana wa siku hizi nao wanabishana kuhusu wahafidhina wa Marekani, tena usiku na mchana, kwa kidole gumba. Wanatukanana na mtu wa Texas wasiyemjua jina, sembuse kujua kama anapenda kichwa cha samaki au mkia.

Neema alipomaliza sekondari alihamia Scarborough, mashariki mwa jiji, kuishi na kijana wa Kijamaika, bila ndoa. Jumamosi Baba Neema alikuja kama kawaida, ila sauti ilikuwa imepungua na tonge zake zimekuwa ndogo. Mama Neema alimwambia Mama jikoni, "Mwenzangu, anaweka sahani ya Neema mezani kila siku. Anasahau kwamba hayupo, halafu anairudisha kabatini mwenyewe."

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkubwa kule Marekani. Ugali ulitua wakati mdahalo umepamba moto, na Mama aliponyoosha mkono kuzima, Baba akasema, "Leo tuiache." Mama akamtazama, akaiacha. Sheria yake ilivunjwa siku hiyo, na mimi mpaka leo naona yote yalianzia hapo.

Kwenye televisheni mtu mmoja alisema serikali haina kazi ndani ya nyumba za watu. Baba Neema akatabasamu kidogo. "Umesikia, kaka?"

"Nimesikia," Baba akasema, tonge mkononi. "Uhuru wako huo ndio uliomhamisha Neema. Ungesimamia msingi, binti angekuwa hapa anatupakulia mchicha."

Watu wa televisheni wakapiga makofi. Kwetu hakuna aliyetafuna. Baba Neema alikuwa ameshabonyeza tonge lake tayari kuchota mchuzi. Akalirudisha kwenye sinia, taratibu.

"Umeingia mlangoni kwangu na viatu," akasema.

"Nimeingia kama ndugu."

"Ndugu angeniuliza kwanza hali ya mtoto."

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na bakuli. "Nyinyi si ndio wahafidhina?" akauliza. "Mimi nilidhani kuhifadhi ni kutunza kitu kisivunjike. Sasa mnatunza nini hapa?"

Baba Neema akaninyooshea mikono. "Ninawishe, mama."

Tuliolelewa hivyo tunajua: anayenawa amemaliza. Ugali ulikuwa bado unatoa mvuke. Nilimtazama Baba aseme neno, neno lolote. Baba aliitazama Marekani. Nikamimina.

Jumamosi iliyofuata hawakuja. Mama zetu walipigiana simu, wakachoka. Baada ya miezi kadhaa tukasikia wanahamia Alberta, mbali magharibi mwa Kanada. Tumaini alikuja kuniaga pale kwenye milingoti, na hakulia. Aliuliza tu, "Sasa nani atakuombea chooni?"

Hakuna. Nilinyamaza mpaka walimu wakazoea, na nilipoacha kwenda shule sidhani kama darasa lilisikia tofauti.

Neema aliolewa na kijana yuleyule, kanisani, na wana watoto. Picha tuliziona kwenye simu ya mtu mwingine. Ndoa aliyoitaka Baba ilikuja yenyewe, kwa hiari, kama alivyotaka Baba Neema. Ila sisi hatukualikwa.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya habari. Kifo cha Baba Neema kilitufikia kwenye kundi la simu la Watanzania, katikati ya tangazo la vitumbua na dua ya mtu aliyekuwa safarini. Baba alikuwa anakula mbele ya televisheni, peke yake na sinia. Wamarekani walikuwa bado wanabishana msingi ni upi. Akasoma, akaweka simu chini, akazima televisheni. Kichwa cha samaki kilikuwa hakijaguswa. Akaninyooshea mikono.

"Ninawishe."

Bomba lilikuwa nyuma yake. Nilileta jagi.

Sasa yale majumba yanabomolewa na milingoti imeng'olewa. Zamani tulikuwa na televisheni moja na ugali mmoja, na wanaume wawili waliojiita jina moja bila kukubaliana maana yake. Siku hizi kwetu kila mtu ana skrini yake na sahani yake, na kila mmoja amezungukwa na watu wanaomkubalia. Hakuna anayenawa kwa hasira chakula kikiwa cha moto. Hakuna aliyekaa karibu na mwenzake kiasi cha kuumizwa hivyo.