Kiti cha stima cha mamangu kwa ploti ya mita moja: gharama niliyohesabu mwenyewe

Wakuu, salamu kutoka Machakos.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu halafu naenda zangu. Naona haya hata nikiwa nyuma ya kompyuta. Lakini hii stori nimeiandika kwa diary yangu mara mbili, na leo niko cyber na daftari kwa mapaja, nainakili vile iko. Sijaongeza chumvi.

Mamangu, sisi humwita mwaitu, aliugua polio akiwa mdogo. Miguu haimbebi. Yeye ni fundi wa nguo, na kibanda chake kiko sokoni.

Tangu nikiwa darasa la sita, mimi ndiye nilikuwa namsukuma asubuhi kwa wheelchair ya kawaida, halafu nakimbia shule. Kuna mlima kidogo kabla ya soko. Nilikuwa naingia darasani sare imelowa jasho na somo la kwanza limeisha. Sikuwahi kuambia mwalimu sababu. Naadhibiwa tu.

Mwaka jana, nikiwa Form Three, wageni wa kanisa letu wakamletea kiti cha stima. Second hand, lakini kizima. Kina betri mbili nzito chini, na chaja yake ni kasanduku tu.

Wiki ya kwanza mwaitu alienda sokoni peke yake siku zote. Mimi nikafika shule kabla ya kengele, mwalimu wa zamu akaniangalia mara mbili.

Sasa shida.

Tunaishi kwa ploti. Nyumba sita, mita moja ya stima, bili inagawanywa sawa kwa sita. Wale mmeishi ploti mnajua vile kila mtu huchunguza soketi ya mwenzake.

Bili ya mwezi huo ikaja juu. Baba Mwende, jirani wa mlango wa pili, akaanza kuuliza kwa sauti kama siku hizi tunalipia gari. Akasema kiti kama hicho kinakula stima kama posho mill. Wengine wakacheka.

Mama Kioko, landlady wetu, si mtu mbaya. Alikuja mlangoni, akakataa kuketi.

"Mama Ndanu, mimi sitaki vita kwa ploti yangu. Chaji saa moja kwa siku, hakuna mtu atalalamika. Ikishindikana, kirudi kwa wenyewe."

Ndanu ni mimi. Mwaitu akakubali haraka. Yeye hukubali haraka akiona watu wamekasirika.

Na hapo ndipo tulikosea. Tulidhani betri ni kama mtungi, unaweka kikombe kimoja kila siku na mwishowe unajaa. Bili haikushuka, na siku zingine tuliogopa hata hiyo saa moja, tukachomoa kabla iishe, ndio Baba Mwende akipita aone waya umekunjwa.

Baada ya miezi miwili kiti kikaanza kuchoka. Kwanza kilirudi nyumbani kwa shida. Kisha kikawa cha kwenda tu. Alhamisi moja kikazima katikati ya mlima, lori la mchanga likipiga honi nyuma yake. Wakuu, kiti hicho kikizima ni kizito kama ng'ombe amekataa kusimama. Wanaume wanne ndio walikitoa barabarani.

Mwaitu hakulia. Jioni aliniambia bila kuniangalia, "Kesho tutoe ile ya zamani."

Niliandika hayo maneno kwa diary na sikuandika kitu kingine siku hiyo.

Jumamosi nilipakia betri kwa wheelbarrow, nikazipeleka kwa Mzee Salim. Yuko na karakana karibu na msikiti, kazi yake ni kuchaji betri za gari. Watu wa huko Kathiani ambao hawana stima humletea betri zao za kuangalia TV.

Alizipima, akaniuliza tunachaji muda gani. Nikamwambia. Akavua miwani.

"Binti yangu, hizi hazijafa. Mmezilaza njaa. Betri ya asidi ukiionjesha tu kila siku, inaharibika ndani. Ipe saa nane ishibe, mpaka taa ya chaja igeuke kijani."

Nikamweleza mambo ya ploti nikiangalia viatu vyangu. Nilidhani atanipa pole. Badala yake akaniuliza kama shuleni tunasoma fizikia. Nikasema ndiyo.

"Basi usibishane na watu kwa mdomo. Ndani ya mita kuna kisahani, kitu kikila stima nyingi kinazunguka haraka. Zimeni kila kitu, kisha muwashe kimoja kimoja, mhesabu wote mkiona."

Alizichaji siku mbili na akakataa malipo. Alichotaka ni nirudi nimwambie hesabu ilitokaje.

Mwaitu akamwomba Mama Kioko aite watu Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa. Mimi ndiye nilitakiwa kuongea. Jameni, mimi nikiulizwa swali darasani na jibu nalijua, bado nakaa chini. Nilisimama mbele ya mita na saa ya kuazima, sauti ikatoka ndogo hadi Baba Mwende akasema hata kuku wa Mama Kioko wananishinda.

Tukazima kila kitu. Kisahani kilitakiwa kisimame.

Hakikusimama.

Watu wote wakaangalia mlango wetu. Niliingia ndani, nikatoka na chaja mkononi, waya unaning'inia, nikaiweka chini mbele yao. Kisahani kikaendelea tu kuzunguka.

Mama Kioko akaguna. Akaenda nyuma ya ploti peke yake. Kidogo kisahani kikapunguza mwendo, kikatulia.

Alirudi akipangusa mikono kwa leso. Wiki ile ile kiti kililetwa, kijana wake alikuwa amewawekea vifaranga balbu mbili kubwa za joto kwa kibanda cha kuku, na waya akauvuta kutoka mita yetu sisi wapangaji. Vifaranga walihamishwa wakikua. Balbu zikabaki zimewaka nyuma ya magunia, mchana na usiku.

"Ni mimi," alisema. "Mmekuwa mkilipia kuku wangu. Mama Ndanu, nisamehe."

Alisema hivyo mbele ya watu wote. Sijawahi kuona mtu mzima wa rika lake akifanya hivyo.

Hesabu bado tukafanya. Pasi ya Baba Mwende, sekunde kumi hivi na kisahani kimemaliza mzunguko. Chaja ya mwaitu, watu wakahesabu pamoja na mimi, pole pole, hadi tukapita hamsini kabla kimalize mzunguko mmoja. Balbu za kuku zilikaribiana na chaja, ila hizo hazikuwa zinazimwa.

Baba Mwende akaangalia pasi yake. "Kumbe mwizi nalala naye nyumba moja." Tulicheka sana, hata mwaitu. Na ni yeye alisema wacha mama achaji mpaka kiti kishibe.

Nilirudi kwa Mzee Salim kumpelekea hesabu yake. Alipofika kwa kuku alicheka mpaka akakohoa.

Nilichojifunza: kuchaji saa nane ni kama shilingi kumi na tano tu, pakiti ya maziwa ni ghali zaidi. Kilichotugharimu ni woga. Mzee Salim alisema nguvu fulani ya betri imeenda na haitarudi. Zamani kiti kingefika hospitali na kurudi. Sasa ni sokoni na nyumbani. Lakini sokoni kinafika, na kila siku nashukuru Mungu, na Mzee Salim, na Mama Kioko pia.

Kama kwenu kuna mtu anatumia kiti kama hiki, na mko mita moja, niambieni mnagawanaje bili. Na kama kuna fundi humu anajua betri iliyolazwa njaa inaweza kusaidiwa zaidi, tafadhali aandike. Nitasoma yote, hata kama nitachelewa kujibu.

Niwaachie hii, dakika zangu zinaisha.

Jumatatu baada ya ile hesabu, mwaitu alitoka kabla yangu. Nilimkuta juu ya mlima, amesimamisha kiti kando ya barabara. Nikakimbia nikidhani kimezima tena.

"Hakijazima," akasema. "Nilitaka tu nikuone ukipanda bila mzigo."