Mama Uji na Mashine ya Magurudumu Mawili

Kiwandani walimwita Mama Uji, na wageni walidhani ni mpishi. Uji wake ulikuwa wa wanga, wa kukandia unga wa dawa. Unga mkavu ni mkaidi: haushuki vizuri kwenye mashine ya vidonge, kimoja kinatoka kinene, kingine chembamba. Ukiukanda kwa uji, ukauchekecha na kuukausha, unakuwa chembechembe zinazoteremka kama mchele. Ukizidisha uji, kidonge kinakuwa jiwe, kinapita tumboni mwa mgonjwa bila kuyeyuka. Kwa miaka ishirini na miwili Mama Uji alipima kwa kiganja: anafumbata, anafumbua, donge likivunjika vipande viwili safi, anasema, "Tayari."

Walikuwa wanne katika chumba cha kukandia, midomo imezibwa kwa barakoa lakini porojo haziishi. Mumewe alipofariki, wale watatu ndio waliompa sababu ya kuamka asubuhi.

Kisha ikaja mashine ya magurudumu mawili, inayoubana unga mkavu ukawa bapa, halafu inalisaga bapa kuwa chembe. Haikutaka uji wala tanuri la kukaushia. Watu wanne haikuwataka pia. Wenzake wakahamishiwa upakiaji, ng'ambo ya uwanja. Yeye akabaki na vitufe. Siku nyingine alimaliza zamu hajafungua kinywa ila kupiga chafya. Binti yake alipopiga simu kutoka mbali, Mama Uji alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe ilivyokauka.

Wiki ya tatu, vidonge vikaanza kubanduka juu, kama vimevuliwa kofia. Mkemia, msichana wa umri wa binti yake, akaja na makaratasi.

"Mashine inasema kila kitu kiko sawa, mama."

"Mashine haina vidole." Akachota chembe, akazisugua, zikageuka vumbi. "Unaona? Magurudumu hayabani vya kutosha. Vumbi likizidi, kidonge kinameza hewa, na hewa lazima itafute pa kutokea."

Wakakaza kidogo, wakapima, wakakaza tena. Kufikia saa nane mchana vidonge vilitoka vizima, na majini vikayeyuka kwa wakati.

"Kumbe uji ulikuwa kichwani, si sufuriani!" mkemia akasema.

Mama Uji akacheka, kicheko kikubwa kuliko utani wenyewe, kikaishia kwenye machozi.

"Kuna nini, mama?"

"Mashine ni nzuri, mwanangu. Dawa hii haipendi maji. Kuibana kavu ni afadhali. Sina kinyongo nayo. Ila humu sina wa kuzungumza naye."

Mkemia alikwenda kwa meneja. Mtu wa pili wa kufanya naye kazi hakupatikana, ila mapumziko ya Mama Uji yalisogezwa yalingane na ya upakiaji.

Siku ya kwanza alivuka uwanja na chakula chake mkononi. Aliwakuta wawili, wa tatu alishaacha kazi, na hakuna aliyekumbuka kumwambia. Wakamsogezea kiti. Walikuwa wakimsema msimamizi ambaye yeye hakumjua, kwa vichekesho ambavyo mwanzo wake ulimpita. Akala taratibu, akichelewa kidogo kucheka kila walipocheka.