Saumu Yangu ya Kupunguza Kitambi

Heri niseme mwenyewe kabla Mwalimu Rajabu hajawasimulia. Nilipoanza kukimbia kila alfajiri kupanda barabara ya mlimani, nilijiwekea sheria ya kutokula mpaka jioni, ili kitambi kiishe upesi. Shuleni, saa ya chai, niliona haya kusema najikondesha. Nikawa nasema, “Nimefunga.” Rajabu, tunayekaa naye meza moja, akawa anafunika chapati zake nisitamani. Wengine wakaniomba niwaombee dua. Sifa zikaninogea.

Kitambi kilipungua kidogo. Miguu ndiyo iliyokwisha. Mlimani nilipitwa na kina mama waliojitwika mikungu ya ndizi, tena wakipiga soga. Hata siku moja sikujiuliza miguu hiyo niliitaka ikimbie kwa chakula gani.

Juzi asubuhi magoti yaligoma mbele ya nyumba ya mama yake Rajabu, nikakaa chini puu. Rajabu akatoka akila, akanikokota hadi barazani. Mama yake akaniletea sahani ya pilau, nyama imejaa juu.

“Shikamoo, mama. Ahsante, lakini nimefunga,” nikasema kwa mazoea.

Rajabu akaacha kutafuna. Akanitazama, nami nikaona anazikumbuka chapati zote alizonifichia.

Mama akanisogezea sahani kwa upole.

“Marahaba, mwanangu. Jana tumechinja, leo Idi pili, siku hizi hakufungwi. Leo hata imamu anakula.”